Kuona Njia Pamoja

Hotuba kwa madereva na wajumbe wa vijiji vya barabara ya Kasumbalesa, Lubumbashi



Amani tunayoijenga vijijini kwa miaka, ajali moja inaweza kuibomoa kwa saa moja. Februari 2019, lori la asidi liligongana na basi huko Kabwe, karibu na Tenke. Watu zaidi ya 15 walikufa. Baada ya msiba, hasira hutafuta mtu, na mara nyingi humpata dereva mgeni.

Tuangalie chanzo kimoja. Kongo tunapita kuume. Zambia na Tanzania wanapita kushoto, na malori yao yana usukani kuume. Yakiisha kuvuka Kasumbalesa, dereva anakaa upande wa majani. Akitaka kulipita lori jingine, haoni kinachokuja. Anategemea msaidizi wake, ama taa ya lori la mbele. Lakini taa ile inasema "pita", ama inasema "ninakata kona"? Kila dereva ana jibu lake.

Upo ufundi wa kusaidia. Gari la mbele hubeba kamera, na picha hurushwa papo hapo kwa gari la nyuma kwa mawimbi ya redio, bila kupitia mnara wa simu. Watafiti wa Porto, Ureno, waliujaribu. Mwaka 2015 Samsung ilionyesha Argentina lori lenye skrini mgongoni, anayefuata akaona njia ya mbele.

Ni jambo jema, lakini lina hesabu yake. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari hukata karibu mita 17 kila sekunde. Picha ikichelewa sekunde moja tu, magari mawili yanayoelekeana yamekwisha kukaribiana mita 33 ambazo skrini haikuonyesha.

Kwa hiyo tusingoje mashine. Tunawaomba mambo matatu. Madereva, mpatane juu ya alama moja ya kupitana. Msipitane kabisa penye soko au shule. Na ajali ikitokea, wajumbe wa kijiji na wa madereva wakutane siku ileile, wasikilize pande zote kabla mkono haujainuliwa. Kama kuna picha, itazamwe na wote wawili pamoja.