Kuchagua Vitufe vya Paneli: Tuanze na cha Kuzimia

Fundi anapotumwa dukani kununua vitufe vya paneli, karatasi aliyopewa huwa imeandikwa rangi na tundu: kijani, chekundu, milimita 22. Ni sahihi, ila haisemi lolote kuhusu kinachokaa nyuma ya mlango wa paneli, na huko ndiko usalama wa opereta uliko.

Mada hii inaanza na kitufe cha kuzimia, kwa sababu kukosea hapo kunaweza kugharimu mkono wa mtu. Kigeuze usome namba kwenye skrubu za kontakti. Zikiishia na 3 na 4, kama 13 na 14, kontakti iko wazi mpaka kitufe kibonyezwe. Hiyo ni ya kuwashia. Zikiishia na 1 na 2, kama 11 na 12, imefunga muda wote na hufunguka kitufe kikibonyezwa. Hiyo ndiyo ya kuzimia. Chukua mashine ya kukoboa mahindi inayotikisika kutwa nzima. Waya wa kuzimia ukichomoka kwenye 11, koili ya kontakta inakosa umeme na mashine inasimama. Kazi italala, lakini hakuna atakayeumia. Aliyeunga kuzima kwa 13 na 14 kupitia relei hatajua kama waya umekatika mpaka siku mtu atakapobonyeza na mashine iendelee kuzunguka.

Kitufe cha dharura, kile cha kichwa cha uyoga, chekundu juu ya bamba la njano, kina masharti zaidi. Kiwango cha IEC 60947-5-5 kinataka kontakti zitenganishwe na msukumo wa kitufe chenyewe bila kutegemea springi, ili hata zikigandana kwa shoti ziachane. Kisha kibaki kimezama mpaka mtu akirudishe, na kukirudisha kusiiwashe mashine.

Ipo hitilafu nyingine inayojificha. Kontakti hubanwa nyuma ya kichwa kwa klipu. Ikifyatuka, ile ya 11 na 12 hubaki imefunga: mashine inawaka kama kawaida, na uyoga ukibonyezwa haugusi kitu. Zipo kontakti zinazokata mzunguko zenyewe zikiachana na kichwa. Kwenye msumeno au mashine ya kusaga nyama, hizo ndizo za kununua, hata kama bei iko juu.

Mazingira nayo yana lake. Viwanda vya minofu ya sangara Mwanza huoshwa kwa maji mengi. IP67 humaanisha kitufe kinavumilia kuzamishwa. Haithibitishi kwamba kitastahimili maji ya mpira yenye presha, ambayo yana vipimo vyake, yaani IP65, IP66 na IP69. Na namba hiyo inahusu uso wa mbele tu. Tundu lililotobolewa ovyo huiharibu.

Usidanganywe pia na ampea 10 zilizoandikwa ubavuni. Kwa koili ya kontakta ya volti 240, kontakti ya daraja la A600 inaruhusiwa kukata ampea 3.

Kabla ya kukabidhi paneli, fundi azime umeme mkuu, achomoe waya mmoja wa kuzimia, arudishe umeme, kisha abonyeze cha kuwashia. Kontakta ikivuta, paneli irudi mezani.