Kuchagua Mishipi na Mitumbwi ya Uvuvi
Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Kilolo



Mto Ruaha Mkuu, ukitoka Bwawa la Mtera, hupita mpakani mwa Kilolo kuelekea Kidatu. Humo mna perege na kambale. Chama kinachowakopesha wanachama zana za uvuvi hakina budi kuchagua kwa uangalifu.

Kwanza, mshipi. Perege hutosheka na mshipi mwembamba na ndoana ndogo. Kambale ni mzito. Naye huvutwa kwa mshipi mnene, hasa Mtera, ambako visiki vilivyozama hunasa ndoana. Kwa mvuvi wa ukingoni ufito wa mwanzi watosha; gurudumu la kukunjia mshipi ni gharama isiyo lazima.

Pili, mtumbwi. Uwe mpana, usiopinduka upesi, maana majini mna mamba na viboko. Ujaribiwe majini kabla ya kulipiwa.

Tatu, sheria. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zimekataza makokoro na nyavu za plastiki. Zana haramu ikikamatwa hutaifishwa, lakini deni hubaki.

Kwa hiyo, katibu asitie sahihi hati ya malipo kabla kamati haijaikagua zana yenyewe.