Juu ya Mkate wa Mtama: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka, Nuu



Katika mkutano uliopita mlituuliza swali tusiloweza kulijibu: kwa nini mikate ya tanuri la chama, iliyookwa kwa unga wa mtama mtupu, ilitoka mizito kama matofali, ikavunjika kabla ya kufika sokoni? Fedha zilipotea, na wako waliosema kuwa akina mama hawakukanda vya kutosha. Twasimama leo kukiri kuwa lawama ile haikuwa ya haki.

Kosa lilikuwa letu sisi tulioagiza unga. Ngano ina protini ambazo, zikitiwa maji na kukandwa, hushikamana zikawa utando unaonyumbuka, uitwao gluteni. Hamira hula sukari ya unga na kutoa hewa. Utando ule huishika hewa isitoroke, ndipo mkate huumuka. Mtama, ambao sisi huuita muvya, nao una protini, lakini hazifanyi utando huo. Mama aweza kukanda tangu alfajiri hata adhuhuri asipate ila maumivu ya mikono.

Je, tuuache mtama? La, hasha. Ngano haisitawi katika ukame wetu, na Kenya yenyewe huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka ng'ambo. Mtama tunao ghalani. Ni kipimo kilichotushinda. Tangu mwaka 1964 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilishughulikia jambo hili la kuchanganya unga. Tukitia sehemu moja ya mtama kwa sehemu nne za ngano, mkate huumuka, ingawa hupungua kidogo kimo.

Biskuti ni habari nyingine. Hiyo twaitaka imomonyoke, na utando wenye nguvu huifanya ngumu. Basi mtama waweza kuingia kwa wingi. Mafuta nayo hufunika chembe za unga na kuzuia utando usiungane, kwa hiyo biskuti huyeyuka mdomoni. Keki hushikwa na mayai. Tukitia asali, mali ya Kitui tangu zamani, keki hukaa na unyevu siku nyingi, ila huiva rangi upesi, na moto sharti upunguzwe.

Mzee mmoja alitushauri tuache chumvi ili tuokoe senti. Kwa heshima zote, tulijaribu: mkate uliumuka mbio, ukalegea, na ladha yake hatutaisimulia hapa. Maji ya moto sana pia yasitumiwe, kwani huua hamira.

Basi twaomba kamati iidhinishe ununuzi wa magunia manne ya unga wa ngano kwa gunia moja la mtama, na wale akina mama watatu walioondolewa katika zamu ya tanuri warudishwe kabla ya siku ya soko ijayo.