Ramani ya Maji na Haki ya Jirani





Isaka alipofukua visima vya baba yake Ibrahimu, aliviita tena kwa majina yale yale ya zamani. Wachungaji wa Gerari walipomgombania kisima kipya, nacho akakipa jina: Eseki, yaani ugomvi. Kutaja jina la kisima kulikuwa ni kutaja haki.

Sisi wa Kilimanjaro tunayo mifongo. Mababu waliichimba kutoka mitoni hadi vihambani, na Charles Dundas akaandika habari zake mwaka 1924. Kila mfongo ulikuwa na ukoo uliouanzisha, mzee wake na zamu zake.

Serikali nayo ilipima mlima. Ramani za kipimo cha 1:50,000, zilizochorwa kutokana na picha za ndege, zatuonyesha mito kama Weruweru na Karanga. Twazishukuru. Lakini katika ramani hizo milimita moja ni mita 50 za ardhi, na ndege hupiga picha ya majani ya migomba, si ya maji yapitayo chini yake. Zamu na jina la mzee havionekani kabisa.

Je, hasara iko wapi? Maji yetu hushuka hadi Nyumba ya Mungu na mto Pangani, ambako huzalisha umeme. Wanaoyahitaji ni wengi. Sheria ya maji ya mwaka 2009 yataka vibali, nayo yazitambua haki za kimila. Ila haki isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yalinda mita 60 kandokando ya chanzo cha maji. Lakini nani atailinda chemchemi asiyoijua?

Kwa hiyo twaziomba jumuiya ndogondogo:

Kwanza, tutembee na wazee wangali hai, tangu banio hadi mwisho wa mfongo.

Pili, tuandike majina ya chemchemi na zamu zote, hasa ya yule wa mwisho kabisa, ambaye maji humfikia yakiwa yamebaki matone. Tulio juu tusijichoree sisi peke yetu.

Tatu, nakala ifike kwa serikali ya kijiji na kwa jumuiya ya watumia maji.

Isaka alichimba tena, na kisima hicho hakikugombaniwa. Akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Nasi tuandike ramani yenye nafasi kwa jirani.