Mwanamke na Kiti cha Bunge



Napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linalotuhusu sote, wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera: nafasi ya mwanamke katika Bunge.

Mwaka 2017 watu wa Ijara, katika Kaunti ya Garissa, walimchagua Bibi Sophia Abdi Noor kuwa Mbunge wao. Tangu Kenya ipate uhuru mwaka 1963, hakuna mwanamke wa Kaskazini Mashariki aliyekuwa ameshinda kiti cha jimbo kabla yake. Mwaka 2022 kiti hicho kilirudi kwa mwanamume.

Huenda mtu akauliza: Je, wanawake hawana viti vyao? Naam, wanavyo. Katiba ya mwaka 2010 ilitenga viti 47, kimoja kwa kila kaunti, nasi tuna vitatu. Lakini kiti hicho kisigeuzwe kuwa ukuta, mwanamke akaambiwa, "Chako ndicho hiki, vingine usiviguse."

Basi kizuizi ki wapi? Sheria haimkatazi mwanamke. Ila kwetu mara nyingi wazee wa koo hugawana viti kabla ya siku ya kura. Aliyeolewa nje ya ukoo wake, kwa baba husemwa, "Ameshaondoka"; na kwa mume husemwa, "Si damu yetu." Hivyo mwenye jamaa pande mbili huhesabiwa kuwa hana upande.

Shida hii si yetu peke yetu. Ufaransa ilitangaza haki za binadamu mwaka 1789, lakini wanawake wake walipewa kura mwaka 1944. Mwaka 2000 ilitungwa sheria ya kupunguzia fedha za serikali vyama visivyosimamisha wanawake sawa na wanaume. Mwaka 2017 wanawake 224 walichaguliwa katika Bunge la watu 577. Katiba yetu nayo yasema wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Bunge halikutunga sheria ya kulitimiza neno hilo, hata mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Wazee wetu, heshima yenu haitapungua mkimwita mama kikaoni. Yeye ndiye ajuaye umbali wa kisima na taabu ya kujifungua mbali na hospitali. Aulizwe kabla ya viti kugawanywa, si baadaye. Nanyi akina mama, jiandikisheni, mkapige kura. Mkono mmoja haulei mwana.