Damu Inaporudi: Kazi na Mipaka ya Viini vya Mimea

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mkulima aliyekosa maji ya mfereji kwa siku nyingi hufurahi maji yanapofunguliwa. Lakini yakija kwa kishindo, huweza kung'oa hata miche iliyostahimili ukame. Jambo linalofanana na hilo hutokea mwilini. Mshipa wa moyo au wa ubongo ukizibwa na bonge la damu, sehemu inayoutegemea hukosa oksijeni na kuanza kufa. Tiba ni kuufungua upesi. Hata hivyo, damu irudipo, huokoa sehemu kubwa na papo hapo huweza kuongeza jeraha.

Mwaka 1960 Robert Jennings na wenzake, huko Marekani, waliyaeleza mabadiliko hayo katika mioyo ya mbwa. Mwaka 1985 Joe McCord alifafanua chanzo kimojawapo: oksijeni inayorudi ghafula hugeuka kuwa supaoksaidi na molekuli nyingine kali zinazounguza tando za seli.

Hapo ndipo mazao ya shambani yalipoingia katika utafiti. Karafuu ina yujenoli, chai ina katechini, manjano ina kurkumini, na vitunguu vina kwesetini. Viini vya namna hii huitwa antioksidanti, kwa kuwa huweza kuzima ukali wa molekuli hizo. Katika maabara, wanyama waliopewa baadhi ya viini hivyo kabla ya mshipa kufunguliwa wameonekana mara nyingi kupata jeraha dogo zaidi.

Lakini panya wa maabara si mgonjwa wa wodini. Mwaka 1994 wagonjwa 120 wa mshtuko wa moyo walishiriki katika jaribio la kimeng'enya kinachozima supaoksaidi, na hakikuonyesha faida iliyotarajiwa. Sababu zinaeleweka. Madhara mengi hutokea katika dakika za kwanza tu baada ya damu kurudi, hivyo dawa sharti iwe imekwisha kufika mahali pake. Kurkumini inayomezwa huingia katika damu kwa uchache mno. Tena mtafiti huchagua saa ya kumpa mnyama dawa, ilhali mgonjwa huletwa akiwa amekwisha kuugua.

Basi wajibu wa vyama uko wazi. Katibu asikubali pakiti ya chama iandikwe kuwa ni dawa ya moyo au ya kiharusi. Mwanachama mwenye maumivu ya kifua yanayobana, au aliyepooza ghafula upande mmoja, apelekwe hospitali mara moja. Asicheleweshwe kwa kungoja mizizi ichemke. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwarifu daktari kabla ya kumeza vidonge vya manjano au vya mimea mingine, kwani vyaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Karafuu, chai na manjano vina thamani yake jikoni na sokoni, na utafiti juu yake unastahili kuendelea. Zao jema halihitaji sifa ya uongo. Ushirika hujengwa juu ya uaminifu wa mizani. Na neno lisemwalo juu ya zao nalo ni mizani.