Vitu Vidogo Vinavyomaliza Betri ya Kigari

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wanaoendesha na kutengeneza vigari vya gofu)



Nimetakiwa niseme juu ya vigari vya umeme tunavyovifanyia kazi katika viwanja vya gofu na mahotelini. Shauri lenyewe ni hili: kigari kimewekwa bandani kizima, na baada ya wiki chache hakivuti. Neno la kwanza husemwa kwamba dereva hakukichaji. Neno la pili ni kwamba atakatwa mshahara. Lakini mara nyingi mla betri ni kitu kidogo kilichofungwa baadaye: redio, taa, feni, chaja ya simu, au kifaa cha kuonyesha kigari kiko wapi.

Tupige hesabu. Kitu kinachokula robo ya ampea mchana na usiku humaliza ampea-saa 6 kwa siku moja. Kwa siku 28 ni ampea-saa 168. Betri mpya ya volti 8 ina kama ampea-saa 170. Basi betri imekwisha, na gurudumu halikuzunguka hata mara moja. Kigari kikiwa kazini kila siku, chaja huificha hasara hiyo. Wageni wakipungua na kigari kikikaa, ndipo huonekana.

Kwanza, tazameni waya umechukuliwa wapi. Kigari cha volti 36 kwa kawaida kina betri 6 za volti 6, zimeungwa mfululizo. Redio yataka volti 12, na fundi mwenye haraka huunga waya kwenye betri mbili tu. Hizo mbili sasa zatumikia mabwana wawili, mota na redio. Chaja hupitisha umeme uleule katika zote sita; haijui ipi yenye njaa. Mbili hazijai na huharibika mapema, na nne huchajiwa kupita kiasi na kukauka maji. Dawa yake ni kufunga kipunguza volti, kikichukua umeme katika ncha mbili za mwisho, ili betri zote zichangie sawasawa.

Pili, kipunguza volti chenyewe hula kidogo hata redio ikizimwa. Kwa hivyo sharti kipitie swichi inayokatwa na ufunguo, au swichi ya pekee ya kukatia. Fyuzi iwekwe karibu na betri.

Tatu, pimeni. Vueni pete na saa, msivute sigara, kwani betri hutoa hewa inayolipuka. Zimeni kila kitu, toeni ufunguo. Toeni fyuzi ya vitu hivyo, muunge mita ya ampea mahali pake. Ikisoma sifuri, hapo hapana mwizi. Ikisoma kitu, tengeni kimoja kimoja mpaka isome sifuri. Cha mwisho kutengwa ndicho mlaji. Msiunge mita katika waya wa mota na kukanyaga mwendo; itaungua. Tena jueni, swichi ya kukokotea kigari haikati kitu kilichoungwa moja kwa moja kwenye betri.

Nne, andikeni. Betri za risasi za volti 48 zikijaa na kupumzika husoma karibu volti 51. Zikisoma karibu 49, nusu imekwisha. Kila kigari kinapolazwa, mwandike namba yake na volti zake. Mwandike pia ni nani aliyeamuru kitu kipya kifungwe, na siku gani.

Kwa nini niseme habari ya kitabu? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Angalieni neno hilo, makusudi. Redio iliyofungwa kwa amri ya ofisi, ikala betri usiku dereva akiwa kwake, si kosa lake la makusudi. Lakini maneno ya mdomo ni dhaifu mbele ya meneja. Daftari lenye volti na tarehe lina nguvu, na mwakilishi wa chama akienda nalo ana la kusema.

Basi kila banda liwe na mita moja na daftari moja. Tuitunze mali ya kazi, na tuutunze mshahara wetu pia.